Chomeka Haifungi Bila Sababu

Mimi kinyongo sikijui. Nasema mapema ili usihangaike kunitafutia. Kama Rungwe nzima kuna mtu unayeweza kumkanyaga asubuhi na mchana akakukaribisha ndizi na maziwa mgando, basi ni mimi, Ackson wa Msasani ya hapa Tukuyu, fundi wa kompyuta. Wapo wanaohifadhi makosa ya wenzao darini kama mahindi ya mbegu. Dari yangu mimi inavuja, hakuna kinachokaa humo.

Sasa kaa nikusimulie jinsi Anwari alivyonisaliti.

Anwari ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza. Tulipangwa dawati moja kwa sababu wote wawili tulichelewa siku ya kwanza, mimi kwa uzembe, yeye kwa kusubiri mvua ikatike. Nikamwambia, "Ukisubiri mvua ikatike Tukuyu, utaanza shule na wajukuu zako." Akanijibu, "Wewe hukusubiri, na bado tumefika pamoja." Basi tukawa watani. Si ule utani wa makabila unaorithiwa, wa kwetu tuliuanzisha wenyewe, na sheria yake ilikuwa moja tu: anayenuna kashindwa.

Tulipomaliza kidato cha nne tukafungua kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, ukuta kwa ukuta na mahali mama yake Anwari anapopikia chapati. Meza moja, stuli mbili. Stuli yake ina mto wa bluu alioshonewa na mama yake; yangu ina msumari. Meza yenyewe ilikuwa inayumba kama mlevi wa Krismasi, ukikaza skrubu huku, kule simu ya mteja inateleza, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu nilipoitafutia dawa. Anwari alifurahi. "Meza imetulia siku hizi," akasema, "umefanyaje?" Nikamwambia nimeiombea.

Chomeka, programu yetu, ilizaliwa kwenye meza hiyo. Kulikuwa na sekondari moja huko Masukulu iliyopata laptop kumi na nane za msaada, kuukuu, na zote zilikuwa zinatumia Linux. Linux ni mfumo huria. Maana yake yeyote anaweza kufungua tumbo lake, akaona utumbo, akatengeneza, akamgawia na mwenzake. Ndani kabisa kuna kiini, ndicho kinachoongea na vyuma vya kompyuta. Lakini kiini hakijui lugha ya kila chuma. Spika, kamera, kadi ya mtandao, kila kimoja kina kipande chake cha programu kinachoitwa moduli. Moduli inachomekwa kwenye kiini inapohitajika, na inachomolewa kazi ikiisha. Sasa kwenye laptop zile, moduli mbili zilikuwa zinagombea kadi moja ya mtandao, kama mama mkwe na mkamwana kwenye jiko moja. Matokeo yake hakuna aliyepika. Intaneti haikamatiki.

Dawa ni kuifungia moduli moja ili nyingine ifanye kazi. Amri za kufanya hivyo zipo tangu zamani, tena za bure, ila zinaongea Kiingereza cha mkato ambacho hata Mwingereza angeomba mkalimani. Anwari akaandika programu ya kuzisimamia kwa Kiswahili. Ukiandika chomeka na jina la moduli, inachomeka. Ukiandika chomoa, inachomoa. Ukiandika fungia, moduli haitaingia yenyewe kompyuta ikiwaka. Na ukiandika nani, inakuambia moduli imefungiwa kwenye faili gani, na kwa sababu gani.

Hiyo ya sababu ilikuwa sheria ya Anwari. Ukitaka kufungia kitu, Chomeka inakuuliza: Sababu? Usipojibu inakusubiri tu, kama mgeni aliyeambiwa chai inakuja.

"Ya nini yote hayo?" nilimuuliza.

"Anayefunga mlango aache karatasi kusema kwa nini," akasema. "Anayekuja nyuma asije akauvunja bure."

Basi yeye akaandika ubongo wa programu, mimi nikaandika mdomo. Maneno yote ambayo Chomeka inamwambia mtu, ni yangu. Ukitaja moduli isiyokuwepo ilikuwa inasema: "Hiyo haipo. Umeuliza kwa jirani?" Ukikosea nenosiri: "Nenosiri si hilo. Nyumba ni yako kweli?" Ukikosea mara tatu mfululizo: "Taratibu. Vidole hivi vimezoea jembe." Sitini na moja niliyaandika, mengine nikiwa kwenye chapati za Mama Anwari, mengine kanisani, Mungu anisamehe.

Tukaiweka kwenye intaneti, bure, majina yetu mawili juu. Watu wakaichukua. Msichana mmoja wa Morogoro alituandikia kwamba huwa anakosea makusudi ili Chomeka imchambe. Ujumbe huo nilimsomea mama yangu mara mbili. Mara ya pili akaniuliza kama huyo msichana ana wazazi.

Hayo ndiyo maisha tuliyokuwa nayo. Nayaeleza ili ujue kilichovunjwa ni kitu gani.

Jumatatu moja nilifika kibandani peke yangu, Anwari alikuwa amempeleka mama yake kuchukua unga. Kulikuwa na laptop ya mteja, nikaiwekea Chomeka mpya, halafu kama kawaida yangu nikakosea makusudi, ili nicheke kidogo kabla ya kazi. Nikaandika jina la ovyo.

Ikajibu: "Moduli haikupatikana."

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikakosea tena. "Moduli haikupatikana." Nikakosea mara ya tatu, nikisubiri jembe langu. "Jina la moduli si sahihi. Jaribu tena."

Ilikuwa kama kumpigia simu ndugu yako akapokea karani wa wilaya.

Kwenye programu huria hakuna siri. Kila badiliko linaacha alama: nani kalifanya, lini, na kwa nini. Nikafungua kumbukumbu. Anwari. Jana yake, Jumapili. "Nimeondoa matani yote, ujumbe sitini na moja. Sababu: barua ya Mwalimu Beatrice, Masukulu."

Nikajaribu kuyarudisha. Nikaambiwa sina ruhusa. Nikarudia, nikidhani mtandao umekwama. Sina ruhusa. Jina langu lilikuwa bado liko juu pale pale, la pili baada ya lake, kama picha ya marehemu sebuleni, lakini ufunguo wa kuandika nilikuwa nimenyang'anywa. Na Alhamisi wiki hiyo hiyo kulikuwa na wageni kutoka Mbeya, kikundi cha vijana wanaotengeneza mfumo huria wa kompyuta za shule. Walikuwa wanakuja Masukulu kuona Chomeka ikifanya kazi, na wakiridhika wanaiingiza kwenye mfumo wao. Yaani siku programu yangu inaolewa, mimi nimeng'olewa ulimi.

Anwari aliingia akikung'uta mwavuli. Aliponiona nimefungua kumbukumbu, hakushtuka. Aliuweka mwavuli kwenye kona, akakaa kwenye mto wake wa bluu, akaegemeza viwiko mezani. Meza haikuyumba.

"Shehe," nikasema, "naona umefanya usafi."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Umeniambia. Kompyuta imenisomea risala."

"Ackson, sikia. Juzi Jumamosi nimekutana na Mwalimu Beatrice sokoni. Kaniuliza kwa nini hatukuijibu barua yake. Alimtuma mwanafunzi ailete hapa kibandani, mwezi wa tatu. Mimi sijaiona. Wewe uliiona?"

"Barua gani?"

Nilijibu bila kupepesa. Hapa kibandani kinaingia kila kitu, mialiko, vipeperushi, risiti za luku. Nani anakumbuka karatasi?

Aliniangalia kidogo. "Mwalimu alikuwa anafundisha kidato cha pili," akasema. "Laptop yake imeunganishwa na projekta, darasa zima linaona. Kaandika jina la moduli akakosea. Kakosea tena. Mara ya tatu ukuta mzima ukaandikwa vidole hivi vimezoea jembe. Ana miaka hamsini na mbili, mwanangu. Kajifunza kompyuta mwaka juzi. Akitoka shule anashika jembe kweli, ana migomba yake pale. Tangu siku hiyo watoto wanamuita Mama Jembe."

"Sasa si jina zuri hilo? Jembe ni heshima."

Hakucheka.

"Aliomba tuondoe neno moja tu," akasema.

"Na wewe ukaondoa sitini na moja! Mtu kakuomba upunguze kucha, umekata mkono!"

"Kwa sababu sijui lipi litamuumiza mwingine. Na nikifuta moja wewe unarudisha mawili, nakujua. Ndiyo maana nimekufungia. Mpaka Alhamisi ipite, halafu tuongee."

"Umenifungia." Nikacheka, kile kicheko cha meno bila tumbo. "Mimi. Kama moduli."

"Na sababu nimeandika," akasema. "Mtu akiumiza bila kujua, anaambiwa, yanaisha. Akijua akanyamaza, huyo siwezi kufanya naye kazi. Wewe unasema hukuiona barua. Mimi nakuamini."

Nakuamini! Anakuvua nguo halafu anakuambia umependeza. Miaka tisa ya dawati moja na mwavuli mmoja. Kila Ramadhani nilikuwa naenda kula mchana nyuma ya choo ili nisimtamanishe, na mkungu wa kwanza wa mama yangu kila msimu unaenda kwao. Kote huko, halafu anachagua mwalimu mmoja wa Masukulu na kunifutia sauti yangu siku ya Jumapili nikiwa kanisani. Nilijisikia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitasa kipya, na ndani wanasikika wanakula.

Sikununa. Anayenuna kashindwa. Nilienda tu Masukulu.

Ilikuwa Jumanne. Nilipanda bodaboda, barabara imelainika, dereva anaomba nishuke kila kilima ili pikipiki ipumzike, ikawa zaidi ya nusu ya safari natembea nyuma ya chombo nilichokodi. Shuleni nilimkuta mlinzi, nikamwambia nimekuja kukagua chaja. Ananifahamu, mimi ndiye niliyezifunga zile laptop, nenosiri la msimamizi ninalo kichwani. Akanifungulia maabara, akarudi zake getini.

Laptop namba moja ndiyo inayokaa mbele, yenye waya wa projekta, na ilishavuta Chomeka mpya yenyewe mtandaoni. Wazo langu lilikuwa dogo na la amani. Sitaharibu kitu. Ile moduli nzuri ya kadi ya mtandao, ile tuliyoiacha ifanye kazi, nitaifungia, basi. Alhamisi Anwari atawasha, mtandao hautakamata mbele ya wageni, atajikuna, atatoka jasho, atajua uzito wa kusimama peke yake. Halafu mimi nitainuka nyuma ya ukumbi na kusema, "Samahani, naweza kusaidia?"

Ningeweza kuandika mstari wa kuifungia kwa mkono kwenye folda yake, bila kuulizwa chochote. Lakini vidole vina mazoea. Niliandika fungia, kama nilivyoandika mara elfu moja, na Chomeka, mnafiki mkubwa, ikaniuliza:

Sababu?

Nikaitazama. Ikanitazama. Mvua inapiga bati. Ningeweza kuandika herufi moja tu ikaridhika. Mtu mwenye akili angeandika "x" akaondoka zake. Mimi nilikuwa nimekaa siku nzima ya Jumatatu na nusu ya Jumanne bila kusema utani hata mmoja wenye maana, na hapa palikuwa na nafasi wazi inamulika. Nikaandika:

"Aliyefukuzwa nyumbani kaondoka na ufunguo."

Nikaisoma tena. Ilikuwa nzuri, sikufichi. Nikazima laptop, nikamwambia mlinzi chaja ni nzima, nikarudi Tukuyu nimelowa na moyo mwepesi.

Alhamisi maabara ilijaa. Wageni watatu wa Mbeya mbele, na madaftari. Walimu ukutani. Kidato cha pili wamebanana kwenye mabenchi. Mzee Ambindwile, mwenyekiti wa bodi ya shule, alipewa kiti cha mbele kabisa, fimbo katikati ya magoti, macho yake yana ukungu. Mwalimu Beatrice alikaa pembeni, mama mwembamba, kitenge kimenyooka, mikono kaificha ndani ya kwapa kama anaona baridi. Mimi nilisimama nyuma karibu na mlango, tayari kuokoa taifa.

Anwari akasalimia, akaeleza kiini na moduli kwa mfano wa jiko la mama mkwe, mfano wangu, akasema, "Mfano huu ni wa mwenzangu Ackson, yule pale nyuma." Watu wakageuka. Nikapunga mkono. Sikuutegemea wema ule. Ulinichoma mahali, lakini nilikuwa nimeshakuja.

Akawasha laptop. Akasubiri mtandao. Haukuja.

Akajaribu tena. Haukuja. Mgeni mmoja akatazama saa. Niliona shingo ya Anwari inaanza kung'aa. Nikajinyoosha shati, nikavuta pumzi ya kusema samahani naweza kusaidia.

Hakujikuna hata kidogo. Akasema, "Vizuri. Hapa ndipo Chomeka inapofanya kazi yake," akaandika neno moja, nani.

Na mimi, niliyeandika mdomo wa ile programu, niliyekuwepo siku ile amri inapewa jina, nilikuwa nimeisahau. Nimeifungia moduli kwa kutumia Chomeka, halafu nimesahau kwamba Chomeka inasema.

Ukuta mzima ukaandika: Moduli imefungiwa Jumanne. Faili ni hili. Sababu ni hii.

Mzee Ambindwile akagonga fimbo. "Mbona mmenyamasa? Macho yangu hayafiki huko. Kijana, soma kwa sauti."

Anwari alisoma kwanza kwa macho. Nilimwona akisoma. Alirudia, polepole. Hakugeuka nyuma. Halafu akasoma kwa sauti, sauti kavu kabisa, kama anasoma ratiba ya mitihani:

"Aliyefukuzwa nyumbani kaondoka na ufunguo."

"Eeh!" Mzee akacheka. "Huyo ana maneno. Nani kaandika?"

Hapo mlango ulikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Nilizihesabu.

"Ni mfano, mzee," Anwari akasema. "Tumeuweka makusudi, wageni waone. Mtu akifunga kitu, programu inataja alichofanya na alichosema. Hakuna anayefunga akajificha." Akaifungulia moduli, akaichomeka, mtandao ukakamata, ukurasa ukafunguka ukutani. Wageni wakapiga makofi. Mmoja akaandika kitu akakipigia mstari chini. Yaani nilichokitega kimharibie, ndicho kilichompendezesha. Ukiniuliza kama kuna usaliti mkubwa kuliko huo, sina jibu.

Halafu Anwari akasema, "Tunamwomba Mwalimu Beatrice ajaribu yeye mwenyewe."

Mama akainuka. Alipokaa mbele ya laptop na kutoa mikono kwapani, ndipo nilipoiona. Ilikuwa mikubwa kwa mwili ule, kucha zimeingia rangi ya utomvu wa mgomba, ule usiotoka kwa sabuni. Mikono ya mama yangu, kabisa. Akaandika jina la moduli, herufi moja moja. Akakosea. Akafuta, akaandika tena. Akakosea. Kwenye mabenchi ya nyuma, karibu na mimi, watoto walishaanza kuziba midomo. Mmoja akanong'ona, "Jembe, jembe, linakuja." Akaandika mara ya tatu, akabonyeza, akafumba macho.

"Jina la moduli si sahihi. Jaribu tena."

Akafumbua jicho moja. Akasoma. Akasubiri kama kuna la ziada. Hapakuwa na la ziada. Niliona mabega yake yakishuka, kama mtu anayetua mzigo kichwani bila msaada. Akajaribu tena, ikakubali, makofi yakawa mengi kuliko ya mwanzo, na Mzee Ambindwile akamshukuru sana kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwalimu, ndaga fijo." Watoto wa nyuma waliondoa mikono midomoni, hawana cha kucheka.

Na mimi sikuwa nacho.

Wageni walipokwenda ofisini, Anwari alitoka barazani na laptop yake mkononi. Mvua ilikuwa imerudi, tukasimama chini ya bati. Alikaa kwenye benchi, akaifungua mapajani.

"Sentensi nzuri," akasema. "Ile ya ufunguo."

"Nilijitahidi."

"Ulitaka nianguke, Ackson. Mbele ya watu wote wale. Sikudhani utanifanyia hivyo."

"Wewe ulianza."

"Nilianza." Akakubali, kirahisi hivyo, ndiyo tabia yake inayokera. "Ningekusubiri nikwambie kwanza ndipo nifute. Niliogopa utanichekesha, na ukinichekesha huwa nasahau nilichotaka kusema. Hilo ni kosa langu. La leo ni lako. Yameenda sare. Nimeyameza."

Nilitazama maji yanavyotoboa udongo chini ya bati.

"Wale wa Mbeya wameikubali," akasema. "Wanataka majina ya wanaoisimamia leo, kabla hawajaondoka. Nataka niandike mawili. Yale ya kuchekesha tutayachuja pamoja, yasiyomgusa mtu yarudi. Yule msichana wa Morogoro ataandamana la sivyo." Akatabasamu kidogo, la kwanza tangu Jumatatu. "Ila niangalie. Ile barua. Kwa mara ya mwisho, hukuiona?"

Angekuwa ameniuliza kingine chochote.

"Sikuiona, mtani," nikasema. "Ningeiona ningekuficha wewe?"

"Basi." Akashusha pumzi. Akafungua ukurasa wa Chomeka, akatafuta jina langu, akaweka mshale kwenye neno la kunirudishia ruhusa. Ulibaki mbonyezo mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kutunga ujumbe wa kwanza nitakaourudisha.

"Shikamooni."

Alikuwa binti wa kidato cha tatu, sweta la kijani, kabeba sinia la chai na ndizi za kuchoma. "Mwalimu Beatrice kasema niwaletee nyinyi kwanza, kabla ya wageni."

"Marahaba. Asante, dada," Anwari akasema. "Unaitwa nani?"

"Winfrida." Akaweka sinia kwenye benchi, akanigeukia mimi na tabasamu la mtu aliyekutana na mwenyeji wake. "Kaka, wewe nakukumbuka! Siku ile nilipoleta barua ya Mwalimu, mvua ilinizuia nikajibanza mlangoni kwenu. Uliisoma ukacheka mpaka ukashika mbavu. Nilivyorudi nilimwambia Mwalimu wameipokea vizuri, wamefurahi."

Kidole cha Anwari kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Umemfananisha," nikasema. "Tuko wengi Msasani wenye sura nzuri."

"Ni wewe, kaka. Si uliikunja mara nne ukaiweka chini ya mguu wa meza? Mpaka nikajiuliza, hatamjibu Mwalimu?"

Anwari aliinua kidole kutoka kwenye laptop, taratibu, akakiweka kwenye goti lake. Hakuniangalia mimi. Alimwangalia yule binti, kwa upole kabisa.

"Mguu upi, dada?"

Winfrida akafikiri, akanyoosha mkono kama anaiona meza yenyewe.

"Ule wa upande wenye stuli ya mto wa bluu."